Majina Kumi na Tisa ya Aabo

Watu wa mtaa wetu wa Galbet hunisifu njiani: Kaaha anamtunza baba yake, Mungu amlipe. Waache wanisifu. Hawajui nilichonyamazia.

Baba yangu, Ogle, ambaye mimi humwita Aabo, yaani baba, alikuwa dalali wa ngamia katika soko la mifugo hapa Garissa, na kichwa chake kiliogopwa. Ngamia aliyemwona mara moja mwaka juzi, leo angekutajia mama yake na kisima alikonyweshewa. Ramadhani ndiyo ilikuwa msimu wake. "Tumbo likiwa tupu, kichwa kinawaka," alikuwa akisema, na wallahi kilikuwa kinawaka kweli. Sisi tukisinzia adhuhuri, yeye anaamua ugomvi wa watu sokoni.

Kisha kisukari kikampata. Sheikh akamwambia mgonjwa ana ruhusa ya kula, alishe maskini badala yake. Muuguzi Dahabo naye akamweleza polepole: "Mzee, ubongo hauna akiba. Sukari ikishuka sana, wa kwanza kuumia ni ubongo."

Aabo akacheka. "Ruhusa nimepewa," akasema, "lakini sijaiomba."

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, siogopi mkaidi. Tuligombana siku mbili nzima, mwisho tukapatana. Kila jioni nikitoka shule angenitajia abtirsi, orodha ya mababu ambayo kila mtoto wa Kisomali hukaririshwa angali mdogo. Angeitaja kama alivyonifundisha mimi, kuanzia jina langu, kisha lake, la baba yake, mpaka juu kabisa. Kwetu ni majina kumi na tisa. Akikosea hata moja, anafungua swaumu papo hapo, hakuna ubishi. Akaapa.

Siku ishirini na mbili hakukosea. "Mwalimu, leo hukuja na fimbo?" alinitania. Nami, mjinga mimi, nikaanza kuamini kwamba Dahabo alitutisha bure.

Siku ya ishirini na tatu mkutano wa walimu ulinichelewesha. Nilimkuta mkekani, fulana imelowa jasho, vidole vinatetemeka. Alfajiri alikuwa amemeza dawa zake kwa chai ya rangi tu.

"Kaaha, Ogle, Diriye, Olow..."

Alimruka Abdow, babu yake, mtu aliyemlea. Nilisikia. Naye alijua nimesikia, maana aliacha kutaja akanitazama.

"Aabo," akaniambia. Kwetu baba humwita mwanawe hivyo hivyo, kwa mapenzi. "Imebaki nusu saa tu."

Tende zilikuwa kwenye sahani kati yetu. Ningechukua moja nikamtia mdomoni. Lakini nilimwonea haya, mtu mzima yule, baba yangu, kunibembeleza kwa macho namna ile. Nikasema, "Haya, endelea," nikaenda jikoni kukoroga uji.

Niliporudi alikuwa ameanguka, povu mdomoni. Adhana ilitukuta barabarani, tukitafuta gari la kumpeleka hospitali. Daktari alisema sukari ilikaa chini kwa muda mrefu mno. Alisema vilevile kwamba nusu saa ni muda mrefu. Hakujua anamwambia nani.

Aabo alizinduka baada ya siku tisa. Sasa anakula vizuri, mara tatu kwa siku. Ramadhani hii imeingia na hana habari nayo. Sokoni haendi tena. Hata mlango wa choo chetu huukosea.

Kila jioni bado namwomba anitajie majina. Haruki mtu. Abdow yupo, mahali pake kabisa, kila siku, na kila siku moyo unaniuma upya. Ila siku hizi huanzia kwa Ogle. Yanakuwa kumi na manane.

Jana nikashindwa kuvumilia. Nikamuuliza, "Na kabla ya Ogle kuna nani? Mwana wa Ogle ni nani?"

Alifikiri sana, maskini, paji limekunjamana. Kisha akaniita walaal, dada, kama anavyomwita mwanamke yeyote apitaye njia.

"Samahani, walaal," akasema kwa adabu. "Ogle bado hajapata mtoto."