Fundi wa Malori Aliyejifunza Kufuma

Jumatatu ya tarehe thelathini na moja Desemba, mwaka wa elfu mbili na saba, Odera alikuwa amelala chini ya lori la tani kumi akifungua gia boksi, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Matokeo ya kura yalikuwa yametangazwa jana yake jioni. Barabara ya kwenda Langas, alikopanga chumba, ilikuwa imefungwa kwa mawe na matairi yanayowaka. Mkewe Marion na watoto wao wawili walikuwa wameenda Ugunja kwa Krismasi na huko walikuwa salama, lakini simu yake haikuwa na kredo ya kuwaambia kwamba yeye pia ni mzima. Odera ni Mjaluo, na Eldoret siku zile hakuna aliyekuwa akiwatafuta Wajaluo. Hata hivyo vijana waliosimama vizuizini walikuwa wamelewa, naye hakuona haja ya kwenda kuwaonyesha kitambulisho. Akabaki yadi.

Yadi ilikuwa ya Mahamud, Msomali mwenye malori saba, aliyeishi humo humo nyuma na mama yake mzazi, Mama Fatuma. Asubuhi hiyo Mahamud aliagiza geti lifunguliwe kidogo, upana wa mtu mmoja, na kufikia saa sita watu kumi na mmoja walikuwa wameingia. Wengi walikuwa Wakikuyu kutoka upande wa Langas, nyumba zao zimechomwa. Mama Fatuma alitoa sufuria kubwa ya sherehe akaanza kupika wali na maharagwe, na hakuiondoa jikoni kwa siku nane.

Miongoni mwa walioingia alikuwepo mama wa miaka sitini na kitu aitwaye Nyaguthii. Alikaa kwenye kiti cha dereva cha lori lililokuwa likitengenezwa, mlango wazi, gunia dogo miguuni. Odera alipotoka chini ya lori alimkuta ameshika kitu cha samawati mapajani kwa vidole vyote kumi, hatikisiki, kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja.

"Umeumia, Shosho?" Odera akamwuliza, akitumia neno la Kikuyu la kumwita bibi.

"Sijaumia. Vitanzi vinaachia."

Ilikuwa sweta ya mjukuu wake, imefika kwapani. Kwenye kizuizi kijana mmoja alikuwa amepekua gunia, akaona sindano mbili ndefu za kufumia, akasema hicho ni chuma, hakipiti. Akazichomoa na kuzitupa kwenye moto wa tairi. Sweta akairudisha. Tangu hapo Nyaguthii alikuwa ametembea kilomita tatu akiishika sweta ili isifumuke.

"Nitafutie waya mbili, fundi," akasema. "Nyembamba, zimenyooka. Kama ile ya baiskeli."

Baiskeli ya zamani ya mlinzi ilikuwa imeegemezwa ukutani, na mlinzi mwenyewe alikuwa ameenda likizo Busia. Odera akang'oa spoku mbili, akakata ncha zenye nati, akakaa kwenye tairi na tupa mkononi. Grainda ingemaliza kazi kwa dakika mbili lakini Mahamud hakutaka kelele yoyote itoke nje. Akapiga tupa mpaka ncha ikawa nyembamba, na mwisho wa pili akazungushia vipande vya tyubu ili vitanzi visitoroke. Akampelekea.

Nyaguthii akachukua moja, akapitisha ncha yake shavuni polepole. "Inakwaruza."

Odera akarudi, akapiga msasa. Akaleta.

"Bado inakwaruza. Na hii ingine ni kali sana, itapasua uzi."

Odera alikuwa amezoea madereva wanaotaka lori litoke leo hata kama breki zinalia. Mteja wa namna hii hakuwahi kumpata. Mara ya tatu alizipitisha kwenye shavu lake mwenyewe kabla ya kuzipeleka. Nyaguthii hakusema asante. Alianza kuokota vitanzi kimoja kimoja kwenye spoku, midomo ikihesabu, na alipomaliza safu nzima alifumba macho kwa muda, kisha akaendelea kufuma.

Alfajiri na mchana walisikia milio ya bunduki upande wa mto, na moshi ulipita juu ya yadi ukiwa na harufu ya mpira. Siku ya pili kulikuwa na kelele za mabati yakipigwa, na Odera, ambaye mikono yake haikuwahi kumsumbua maishani, aliangusha bisibisi mara mbili. Nyaguthii aliona pia. Alimwita akamwambia ashike mkufu wa uzi wakati yeye anauzungusha kuwa mpira. Kushika uzi kulikuwa kazi ya kipuuzi, mikono mbele kama mfungwa, lakini kulimtuliza.

"Nitengenezee zingine mbili," akasema mama huyo walipomaliza. 

"Za nani tena, Shosho?" Odera akauliza.

"Zako. Enda unawe kwanza."

Kunawa kulikuwa safari yenyewe. Mafuta ya gia yalikuwa yamekaa kwenye kucha za Odera tangu alipokuwa mwanafunzi wa gereji. Alisugua kwa maranda ya mbao na sabuni ya unga, akasuuza, akasugua tena, na bado Nyaguthii alikagua viganja vyake kama mwalimu wa zamu. Kisha akamwanzishia vitanzi ishirini.

Safu ya kwanza ilimchukua karibu saa nzima. Alivuta uzi kama anayekaza boliti. "Legeza," Nyaguthii alimwambia. "Hiyo si lori. Ukikaza hivyo sindano haitapita ukirudi." Akalegeza. Kitambaa alichofuma siku hiyo kilianza na vitanzi ishirini kikaishia na ishirini na saba, na hakuna aliyejua saba vilitoka wapi. Mama Fatuma alipita na chai, akakitazama, akasema kitafaa kushikia sufuria. Walicheka wote watatu, pale kwenye ngazi ya lori, na ndicho kicheko cha kwanza Odera alichokumbuka tangu uchaguzi.

Aligundua jambo moja ambalo baadaye alimweleza mkewe: mtu akihesabu vitanzi, kelele za nje hazipati mahali pa kuingia. Zipo, anazisikia, lakini hazimfikii.

Siku ya nane polisi walikuja na lori wakawahamisha waliokuwa yadi hadi uwanja wa maonyesho, ambako maelfu walikuwa wamepiga hema. Jumamosi iliyofuata Mahamud alimtuma Odera apeleke unga na sabuni. Akamtafuta Nyaguthii mpaka akampata, ameketi nje ya hema jeupe, sweta ya samawati imeisha na imekunjwa. Wanawake wa hema za jirani walikuwa wamemwona akifuma na wakataka pia. Uzi wangepata kwa kufumua sweta kuukuu za msaada. Sindano ndizo hazikuwepo.

"Hawa ni wanane," Nyaguthii alimwambia. "Na usiniletee za kukwaruza."

Baiskeli ya mlinzi iliisha spoku zote mwezi huo. Odera alimnunulia mpya kabla hajarudi kutoka Busia.

Mwezi wa tatu binti yake Nyaguthii alikuja kumchukua ampeleke Nyahururu. Nyaguthii na Odera waliagana kwenye geti la uwanja. Alimpa Odera mpira wa uzi wa rangi ya majani na nambari ya simu, akamwambia asiuache mkono upoe.

Kufikia wakati huo Marion alikuwa amesharudi. Chumba chao cha Langas kilikuwa kimepoteza redio na godoro, lakini kilikuwa kimesimama. Siku ya tatu alipokuwa akipanga vitu aliteremsha mfuko uliokuwa umening'inia kwenye msumari, akatoa ndani yake uzi, sindano mbili na skafu nusu. Odera aliporudi kazini aliukuta mfuko mezani na Marion amekaa mkabala nao.

"Baba Adero, hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Mimi si mtoto."

"Ni yangu, Marion. Ngoja ninawe nikuonyeshe."

Alinawa kwa muda mrefu, jambo ambalo halikumsaidia machoni pa mkewe. Kisha akaketi, akashika sindano, akafuma safu moja kwenda na moja kurudi. Marion alimwangalia mumewe mwenye mabega ya kubeba injini akisogeza kitanzi kwa ncha ya kidole, na uso wake ukabadilika taratibu. Odera akamsimulia siku zile nane, ambazo kwenye simu alikuwa amezitaja juu juu tu. Alipofika kwenye sindano zilizotupwa motoni, Marion alivuta kiti karibu. Mwishowe akainama akaonyesha kwa kidole.

"Umekosea hapo. Safu ya nne. Umeruka kimoja."

"Wewe unajua hii kazi?"

"Tulilazimishwa shuleni. Niliichukia kabisa," akasema Marion. "Endelea tu. Usinipatie."

Kazini aliendelea kujificha. Saa ya chai alikuwa akienda nyuma ya malori na mfuko wake. Huko ndiko Kipngetich, dereva wa Isuzu aendaye Kitale, alimkuta. Kipngetich alikuwa amekosa kazini Januari nzima. Aliporudi hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi, na yeye hakusema, na kwa wiki kadhaa watu waliongea naye mambo ya magurudumu tu.

"Hiyo ni nini?"

"Skafu."

"Ya nani?"

"Bado sijui."

Kipngetich akachuchumaa, akatazama safu mbili nzima. "Unaweza kunifanyia kitu ya kuvalisha gia? Asubuhi nikitoka Kitale hiyo kichwa ya gia ni barafu."

Odera alipima kichwa cha gia kwa uzi na siku mbili baadaye Isuzu ikawa na kofia ya kijani yenye kishungi. Madereva wengine wakacheka kwa wiki moja. Wiki iliyofuata wakaanza kuja mmoja mmoja, kila mmoja akitaka rangi yake. Hakuwatoza chochote. Kwa hiari yao walimletea uzi kutoka walikokwenda: wa zambarau kutoka Malaba, wa manjano kutoka Kampala. Mara Kipngetich alimletea kutoka Nakuru mpira wenye rangi tatu zilizochanganyika, ambao Odera aliuweka mwaka mzima kwa kukosa kitu kilichoufaa. Tangu hapo alifumia mbele ya watu, kwenye benchi, akisubiri vipuri.

Wengi walimwambia afungue biashara. Mwaka wa elfu mbili na kumi alisikiliza. Mwalimu wa chekechea moja pale Langas alitaka sweta ishirini, zote za buluu, zote sawa. Odera alifuma sita. Kila jioni akitoka gereji alirudi nyumbani kama anayeingia gereji nyingine, na mwishoni mwa sweta ya sita alijikuta anatazama sindano jinsi anavyotazama kiyoyozi cha lori kilichokataa kutengenezeka. Alimpelekea kazi iliyobaki mama mmoja mjini mwenye mashine ya kufumia, akampa na sita zake, akarudi nyumbani akalala mchana wote wa Jumapili.

"Sasa umeacha?" Marion akamwuliza.

"Nimeacha kuuza."

Wiki hiyo hiyo alianza soksi, kitu ambacho hakuna aliyemwomba. Kwa soksi alihitaji sindano tano fupi zenye ncha pande zote mbili, naye akazichonga. Alienda vizuri mpaka kisigino. Hapo akakwama, akampigia Nyaguthii.

"Uko na vitanzi ngapi?"

"Hamsini na mbili, Shosho."

"Gawa. Nusu iache ilale. Hiyo nusu ingine enda, rudi, enda, rudi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ifanane na mfuko. Halafu unipigie."

Alimpigia mara tano jioni hiyo. Mara ya mwisho Nyaguthii alikuwa anacheka hata hawezi kueleza, kwa sababu Odera alikuwa ameweka kisigino juu ya mguu. Waliendelea kupigiana simu miaka yote, mara nyingi juu ya uzi, mara chache juu ya mambo mengine. Kurudi Eldoret Nyaguthii hakurudi hata kwa matembezi. Alisema Nyahururu kuna baridi nzuri ya kufumia.

Miaka ya uchaguzi ilipofika, Marion alijaza nyumba unga, chumvi na mafuta ya taa kama majirani wote. Odera alinunua uzi. "Sasa utatupikia hiyo?" Marion alimwambia mwaka wa elfu mbili na kumi na tatu. Uchaguzi ukapita, mji ukatulia, na uzi ukawa blanketi. Mwaka wa kumi na saba alisubiri matokeo mlango ukiwa wazi, amekaa kwenye stuli kizingitini. Kufikia tangazo la mwisho alikuwa na soksi tatu. Ya nne aliimaliza malori yakiwa yamerudi barabarani.

Desemba iliyofuata Kipngetich na mkewe Jepkemboi walipata mapacha, wakawaalika watu wa yadi nyumbani kwao Kapseret. Odera alikwenda na Marion, na kofia mbili ndogo mfukoni. Wanaume waliketi upande wa ua wa misaiprasi wakinywa mursik, maziwa ya mgando ya Kikalenjin, ndege moja ya abiria ikateremka kuelekea uwanja wa ndege juu ya mahindi yaliyovunwa. Mazungumzo yalipogeukia bei ya mbolea, Odera alitoa mfuko wake akaanza kufuma. Ilikuwa skafu ya binti yake Adero, aliye chuoni Kisumu, rangi ya chungwa iliyokolea, vidole vinne tu vya urefu.

Baba yake Kipngetich, mzee mwembamba aliyevaa koti la mvua jua likiwaka, alimtazama muda mrefu.

"Unaweza kofia?" akauliza mwishowe.

"Naweza, Mzee."

"Inayofunika masikio. Za dukani zote zinaishia hapa." Akagusa juu ya sikio.

"Rangi gani?"

"Hiyo hiyo uko nayo. Ng'ombe zitaniona."

Odera akasimama, akauzungusha uzi kwenye kichwa cha mzee, akafunga fundo dogo palipokutana. Kisha akaketi, akachomoa sindano, akaifumua skafu yote mbele yao na kuanza kuhesabu upya. Adero angengoja. Jepkemboi alikuja na birika, akamwuliza kama aweke sukari, na Odera, aliyefika kitanzi cha sitini na moja, akainua kidole kumwomba asubiri.