Kidole cha Kim-hoa Kinachogoma Kunyooka

Kabla hajafungua chaza hata mmoja, Tsai Kim-hoa anakishika kidole cha kati cha mkono wake wa kulia, kilichojikunja tangu usiku kikagoma kunyooka, na kukivuta. Tak! Banda zima linasikia.

"Haya, kengele imelia, tufanye kazi," anatania Lim Siok-un, anayekaa kigoda cha jirani.

Kim-hoa, mwenye miaka 58, anacheka na kushika kisu. Ncha inaingia kwenye maungio ya gamba, kiganja kinapinda, nyama inadondokea beseni. Sekunde tatu. Ni mwaka wa thelathini na moja anafanya hivyo katika banda hili la pwani ya Tungshih, na siku njema hutoa kilo kumi na tano.

Kidole kilianza vituko mwaka juzi. Alikichua kwa mvinyo wa mchele uliopashwa moto, akawa anakivuta kila asubuhi, kama wafanyavyo wote hapa.

"Kumbe nilikuwa nakichochea," anasema.

Daktari alimweleza kuwa kano ya kidole hupita ndani ya ala, mfereji mwembamba unaoishikilia. Kwa kubana kisu mwaka nenda mwaka rudi, ala imevimba, na kano inanasa mlangoni. Upasuaji ni wa dakika kumi na tano tu. Kinachomnyima raha ni wiki tatu za kutoloanisha mkono, maana bandani kigoda kikikaa wazi wiki moja, ni cha mwingine. Mwaka Mpya unakaribia, chaza wamenona, na wanaokitamani hawakosekani.

"Bora kikatike kuliko nikae nyumbani kuhesabu mijusi."

Siok-un anaweka kisu chini. "Shoga, acha ujinga." Anavua glavu na kuonyesha kovu dogo kiganjani, chini ya kidole gumba.

"Si ulisema ulikatwa na gamba?"

"Nilisema. Na ile safari ya kwa mwanangu? Nilikuwa kitandani na bendeji. Siku ya sita nikarudi, mshono mbichi, nikawa nalia ndani ya barakoa."

Kisha glavu zinavuliwa moja baada ya nyingine. Huyu kifundo cha mkono kinamuuma hata kukamua kitambaa hawezi. Yule vidole humfa ganzi kila akilala. Kati ya wanawake tisa, saba walikuwa wakifichana maumivu. Inatia uchungu kuwatazama.

Mzee Ngo, mwenye banda, anaingia na kikapu. "Mama zangu, kulikoni?"

"Hesabu mikono, mzee," anajibu Siok-un. "Kim-hoa anahitaji wiki tatu za kupona akishapasuliwa kidole. Ukitufukuza wagonjwa, chaza utawafungua kwa meno?"

Mzee anakuna kichwa, anaitazama mikono ile, anakuna tena.

"Wiki tatu, kigoda hakiguswi," anasema hatimaye. "Ila msiondoke wote kwa pamoja, jamani!"

Kim-hoa atapasuliwa Jumanne, na Siok-un amejitolea kumpikia. Anachotaka Kim-hoa akipona ni kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, bila kumwita mkwewe.

"Siku ya ishirini na mbili nitakuwa hapa," anamwambia mzee Ngo. "Na nikimkuta mtu kwenye kigoda changu, atainuka yeye."