Ngumi Aliyoninyima

Nimepigwa na watu wengi katika maisha yangu, na wengi wao siwakumbuki hata sura. Ninayemkumbuka karibu kila siku ni mmoja aliyekataa kunipiga, na siku ile alipokataa nilitamani kumrarua.

Alikuwa Muuzbeki. Alikuja Moshi na kocha wake, mzee mfupi mwenye shingo nene, wakapanga nyumba juu Kibosho kwa sababu waliambiwa hewa ya mlimani inaongeza pumzi. Wakakodi na ghala la zamani la kahawa, wakafunga ulingo humo ndani. Kilichobaki ni kupata mtu wa uzito wake wa kusimama naye. Mimi nilikuwa bondia wa ngumi za kulipwa, kama unaweza kumwita hivyo mtu anayeshinda akichomelea mageti Rau na jioni ndiyo anakumbuka kwamba ana glovu. Nikapelekwa mimi.

Siku ya kwanza nilipanda ulingoni nikijiamini kama mwenye nyumba. Nilipotezwa hapo hapo. Kijana alikuwa anakugusa halafu hayupo. Unainua mkono umjibu, unamkuta upande wa pili anakutazama kwa adabu kabisa, kama mtu anayesubiri umalize kuongea. Alikuwa ameanza ngumi za ridhaa tangu shule ya msingi, na kwao, nilivyoelewa, ngumi wanasomeshwa kama hesabu. Gusa, pata pointi, toka.

Kocha ndiye aliyenieleza habari zake, kwa Kiingereza cha kuokoteza ambacho bahati nzuri kilifanana na changu. Kijana alikuwa na medali za ridhaa mpaka za bara lao. Lakini katika uzito wake kulikuwa na foleni ya mabondia wazuri, na timu ya taifa inachukua mmoja. Alisubiri mpaka akachoka, akahamia ngumi za kulipwa. Pambano la kwanza alishinda kwa pointi, na watazamaji wakampigia miluzi kwa kuboreka. Promota alimwambia wazi kwamba watu hawakati tiketi kwenda kuangalia hesabu. Kama la pili halitamaliza mtu, mkataba umeisha, arudi sokoni kwa baba yake akauze vitambaa.

"Ana roho nzuri," kocha aliniambia, na alilitamka jambo hilo kama mtu anayetaja ugonjwa. "Anafungua mlango, halafu anapita zake. Nataka ajifunze kuingia."

Basi kazi yangu ikawa hiyo, kuwa mlango.

Damu zetu zilipatana haraka. Aliniita *aka*, ambayo kwao ni kaka mkubwa, na hapo sikuhitaji mkalimani. Akinisalimia alikuwa anaweka mkono kifuani na kuinama kidogo, mimi fundi mwenye mafuta mpaka kwenye masikio. Ijumaa moja baada ya swala nilimleta nyumbani, akamwomba mke wangu ruhusa apike yeye. Alimenya karoti mpaka tukaanza kutazamana. Akatupa na kitunguu saumu kizima kwenye sufuria, na maganda yake.

"Aisee, baba, huyu mgeni wako anapikia sungura?" mke wangu akaninong'oneza.

Tulikula tukakomba sufuria. Mpaka leo mke wangu anaweka karoti kwenye pilau na kudai kwamba aliwaza mwenyewe.

Siku hizo na mimi nilikuwa na langu. Nilikuwa nimeahidiwa pambano ng'ambo ya Holili, upande wa Kenya, na safari hii lilikuwa la mkanda wa ubingwa. Mkanda wenyewe si wa kutisha, lakini katika miaka yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniweka kwenye pambano la mkanda wowote. Kila wakati nilikuwa yule anayeletwa ili mwingine apate ushindi. Kwa hiyo nilikuwa naulinda mkanda huo moyoni kama yai.

Jicho la kulia lilikuwa limeanza kuniletea cheche. Nageuza kichwa, naona mwanga unapita pembeni. Sikushtuka hata kidogo. Fundi wa kuchomelea asiyeona cheche ni fundi gani? Sote kijiweni tunajua macho yakipigwa na miale unalala chali, unafunikwa vipande vya kiazi kibichi, kesho unaamka mzima. Mke wangu alinikatia viazi jioni baada ya jioni. Cheche zikapungua, na mahali pake pakaja kiwingu, kama pazia limesukumwa kidogo kutoka pembeni. Nikasema hiyo ni kofia ya kukinga kichwa, imenibana vibaya. Nikailegeza kamba.

Kocha ndiye aliyeona kwanza. Ngumi ya kuzungusha ya mkono wa kushoto ilikuwa inanifikia upande wa kulia bila mimi hata kupepesa. Akaanza kupiga kelele kutoka kona, kwa lugha yao, neno lile lile moja na kidole kinaelekeza kwenye sikio langu la kulia. Halikuhitaji kutafsiriwa. Hapo! Hapo!

Na ndipo kijana akaacha kabisa kuirusha. Alikuwa anakuja kwa kulia, anakuja tumboni, anafanya vitu vyake vyote, lakini ule mkono wa kushoto alikuwa anautembeza mpaka karibu na uso wangu na kuurudisha. Raundi nzima. Kocha akazidi kubweka. Mimi nami nikapandwa na mori. Nilijua maana ya bondia kuhurumiwa ulingoni. Maana yake umekwisha, na wenzako wameshakubaliana bila kukwambia. Nilikuwa na pambano la mkanda mbele yangu na kijana wa kuuza vitambaa ananibeba kama mgonjwa!

"Piga!" nikamwambia kwa Kiswahili. "Piga, unaogopa nini? Nimekwambia nimezeeka?"

Akashusha mikono. Akazifungua glovu kwa meno, akazitupa, akanisogelea mpaka nikadhani sasa tunapigana kweli. Akanifunika jicho la kushoto kwa kiganja chake. Mkono wa pili akaupeleka pembeni ya uso wangu, upande wa kulia.

"*Aka*, vidole vingapi?"

"Lete mkono nione," nikasema.

Mkono ulikuwa umeshafika. Aliugusisha kwenye shavu langu ndipo nikajua uko hapo.

Kumbe kambini kwao aliwahi kulala chumba kimoja na bondia aliyeanza hivyo hivyo, kwa cheche na kiwingu, na akaendelea kucheza. Rafiki yake huyo sasa anatembea na jicho moja. Alinieleza haya kwa Kiingereza chake kichache, tukiwa tumebanana kwenye bajaji tunateremka mjini, yeye bado na bandeji mikononi. Kocha alimgombeza mpaka tunaondoka. Hakugeuka.

Daktari wa macho alikuwa dada mpole, angeweza kuwa mdogo wangu. Alinitia dawa, akanimulika muda mrefu, akauliza mara mbili kama nilipigwa upande ule siku za karibuni. Nikamwambia kwamba nilipigwa, ila leo kijana amekataa kunipiga hapo. Akasema utando wa nyuma ya jicho, ule unaopokea picha, umechanika na kuanza kubanduka. Bado unaweza kurudishwa kwa upasuaji, lakini ngumi moja ya sawasawa hapo ingemaliza habari. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba ulingoni nisirudi tena.

Nililia palepale kwenye kiti chake. Nasema ukweli, sikulilia jicho. Nililia mkanda.

Nilifanyiwa upasuaji, nikalala na jicho limefunikwa, na kijana alikuwa anakuja kukaa tu pembeni ya kitanda, maana maneno yetu ya pamoja yalikuwa yanaisha mapema. Kocha alipata bondia mwingine kutoka Arusha. Walipomaliza kambi walipita nyumbani kuaga, mzee akanipa mkono bila kunitazama vizuri, na wakaondoka.

Sasa hapo ndipo kiliponishika kitu ambacho sikukitarajia. Hasira zilikwisha, nikabaki na wasiwasi juu yake. Kijana alikuja mpaka huku kujifunza kumaliza mtu, na mtu aliyeletewa hakummaliza. Roho yake nzuri imeniokoa mimi na itamrudisha yeye kwenye vitambaa. Nilimwambia mke wangu hivyo, akasema tumwombee, na tukamwombea kweli.

Pambano lake tuliliangalia kwa simu, mimi na mke wangu, kwenye benchi nje ya karakana. Kwao usiku ulikuwa umeingia, huku kwetu jua lilikuwa bado kali na ikabidi tuikinge simu kwa kanga yake. Raundi za kwanza alikuwa yule yule, gusa na toka, na watu wakaanza miluzi. Nikasema moyoni, basi tena.

Halafu jicho la kulia la mpinzani wake likaanza kuvimba. Likafunga. Kijana aliliona mara moja, nilijua ameliona kwa jinsi alivyobadilisha miguu. Mkono wa kushoto ukatoka. Ukatoka tena. Haukuonyesha huruma yoyote, wala haukukosea, ulikuwa unaingia mahali pale pale yule mwenzake asipoweza kuuona, mpaka akakaa chini na mwamuzi akasimamisha pambano. Kocha aliruka juu ya kamba kama mtoto.

Mke wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. "Kumbe anajua," akasema.

Anajua. Alikuwa anajua tangu Kibosho. Mimi nilidhani mkono ule una huruma tu, kumbe uwezo wa kumaliza mtu alikuwa nao wote, hatua moja kutoka usoni kwangu, kocha wake anabweka, mkataba wake unamwelemea mgongoni, nami mwenyewe namtukana nikimwambia piga.

Nilimpigia simu siku iliyofuata. Nilikuwa nimepanga Kiingereza cha kutosha, pongezi, salamu kwa baba yake, salamu za shemeji yake. Aliposema "*Aka*," vyote vikanipotea. Nikasema asante, naye akadhani nampongeza, akashukuru. Nikamwambia hapana, si ya hilo, ni ya ile ngumi ya Kibosho, na nikaanza tena.