Kidole cha Mtu wa Pili

Swichi yenyewe iko wapi? Sikwambii. Ujue tu kwamba fundi umeme aliificha mahali ambapo hata mimi mwenye gari, siku za mwanzo, nilikuwa napapasa huku nikitukana. Ukiwasha bila kuibonyeza, gari linaunguruma kidogo, halipati mafuta, linazima. Mwizi atahangaika mpaka achoke ashuke aende zake.

Niliitaka kwa sababu gari la mwenzangu wa ofisini liliibwa mchana kweupe nje ya kanisa, wenyewe wako ndani wanaimba. Langu ni kuukuu, rangi imebabuka, lakini tulilinunua pamoja na mke wangu, na sikuwa tayari kuporwa hata hilo.

Ijumaa ile fundi alimaliza kazi, akafuta mikono kwa kitambaa, akanionyesha. Nikanyoosha mkono nipewe ufunguo. Hakunipa.

"Mtu wa pili ni nani?" akaniuliza.

"Wa pili wa nini?"

Akanieleza. Aliwahi kumfungia mteja swichi kama hiyo. Siku moja yule bwana akazidiwa na sukari, akazimia humo humo garini, kwenye uwanja wa nyumba yake. Mkewe na majirani wakawasha, likazima. Wakawasha, likazima. Wakalisukuma mpaka barabarani, na kumbe dawa ilikuwa kubonyeza kitu kimoja tu. Tangu siku hiyo, kwake gari halitoki mpaka mtu wa pili aje, aonyeshwe, abonyeze kwa kidole chake mwenyewe.

"Basi ni mke wangu," nikasema.

Nilisema hivyo hivyo, bila kufikiri, kama mtu anavyotaja mtaa wake. Yeye akaitikia, "Haya, mlete, nakusubiri." Mke wangu alikuwa amefariki Dar es Salaam, nyumba yetu ya Mkonze, huku Dodoma, ikiwa bado haijapauliwa. Watoto hatukujaliwa. Ningemleta nani?

Nikasogea pembeni na simu. Anayeijua Dodoma ya watu wa ofisini anaijua Ijumaa yake: ikifika mchana, mji unamwagika. Wote wanarudi Dar kwa wake na waume zao. Nilimpigia mwenzangu ninayekaa naye meza moja. "Kaka, niko kwenye treni tayari, Jumatatu basi!" Nyuma yake nilisikia watu wanacheka. Nikampigia mwingine, hakupokea. Nikaendelea kuishuka orodha ya majina kwenye simu, na kwa kila jina nikajiuliza: huyu, siku nisipoonekana, atanitafuta? Nilifika mwisho. Nakwambia kweli, niliogopa. Si kuogopa wezi. Niliogopa kwamba ningeweza kufa ndani ya nyumba yangu na watu wakadhani niko likizo.

"Wewe fundi si unajua ilipo? Basi wewe ndiye wa pili," nikamwambia, sauti imepanda.

"Mzee, mimi nakaa Nkuhungu. Ukizidiwa Mkonze nitakusikia?"

Nikamwita mkaidi, na mengine ambayo siyaandiki. Akanisogezea kigoda nikae. Sikukaa. Nilipanda bodaboda nikarudi nyumbani.

Jirani yangu ni bibi mmoja wa Kigogo, mwenyeji wa pale kabla hata barabara haijachongwa. Ana mbuzi. Mbuzi hao walinilia michungwa yangu yote, nami nikamfokea mbele za watu, tukanuniana kabisa. Ila shikamoo haikukatika. Kila asubuhi nilimpa shikamoo yake huku nimekunja uso, naye akaitikia marahaba akitazama pembeni. Nuna utakavyo, mkubwa ni mkubwa.

Nikamkuta anapepeta uwele. Nikamweleza shida yangu nikiwa nimesimama.

"Mimi? Gari nalijulia wapi?"

"Huliendeshi, bibi. Ni kujua tu. Siku nikizidiwa, uwaambie watakaonibeba."

Akanitazama weee, akaweka ungo chini. "Ngoja nibadilishe kitenge. Siendi mjini hivi."

Kwa fundi aliingizwa garini, akaelekezwa, akabonyeza. Injini ikakubali. Akaachia, akarudia, akarudia tena, anacheka mpaka anashika ubavu. "Bibi, yatosha, betri hiyo!" fundi akalia. Nikapewa ufunguo wangu.

Tukaondoka, mpaka tukaacha lami. Ndipo akauliza, "Na mkeo yuko wapi?"

"Amefariki, bibi." Mkonze nzima sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa nikiulizwa, nasema yuko Dar.

"Maskini. Pole sana, baba." Akanigeukia. "Na mimi nilisema kakukimbia, kwa ukali wako ule."

Nilicheka. Nikakasirika kidogo pia, maana si uongo.

Jumamosi na Jumapili zilipita kama zinavyopitaga, redio na mimi. Jumatatu niliamka kichwa kinaniuma, mafua yamenibana, nikatuma ujumbe ofisini kwamba siji. Hakuna aliyejibu. Nikajifunika shuka, nikalala tena.

Nikashtuliwa na dirisha. Linagongwa kwa fimbo, kwa nguvu, mpaka kioo kinatetemeka.

"Wewe baba! Wewe!"

Nilijikokota, nikavuta pazia. Bibi alikuwa amesimama juani, anahema, mbuzi wameachwa wanatawanyika barabarani bila mchungaji.

"Shikamoo, bibi. Kuna nini?"

Hakuitikia marahaba. Alinikagua usoni, akashuka mpaka miguuni, akapanda tena.

"Saa hizi huwa umeshaondoka," akasema. "Gari sijalisikia. Nikasema, huyu kafa mle ndani, na hana mtu."

"Nipo, bibi," nikamwambia. "Ni mafua tu. Nipo." Nikairudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na machozi yalinitoka, wala sikuyaficha.