Makebe ya Deo hayaendi jalalani

Nakataa. Juzi nimetupa udongo kwa mkono wangu kule Kagera, kwenye migomba ya baba yake, na bado nakataa kwamba Deo hayupo.

Leo asubuhi nimepiga hodi kwake, mtaa wa Pasiansi, nikatega sikio, nikingoja aseme, "Karibu, mwenye lori." Ndivyo alivyonikaribisha miaka yote.

Kwa msiomjua, Deo alikuwa mpiga picha za sinema wa serikali enzi za Ujamaa. Wakubwa walimtuma akapige picha za hotuba. Alizipiga, halafu kamera ikahamia kwa wanawake wanaoparua magamba ya sato, au foleni ya sukari ambayo watu wameacha mawe yawashikie nafasi, wenyewe wamekaa kivulini wanasengenyana.

Ofisini wakamrudishia mikanda ile. Hakuna kiongozi humu, wakasema, tupa. Akaitia kwenye makebe ya bati, akasukumia chini ya kitanda. Marehemu mkewe alilala juu ya kanda ya ziwa nzima.

Sasa lori.

Mnaonifahamu mnaijua hadithi. Lori la pamba lilizama kwenye tope pale Busisi likitaka kupanda kivuko, nami nikaweka mgongo peke yangu nikalitoa. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye kipaimara, hata foleni ya hospitali. Kila mwaka lori liliongezeka tani. Mwaka jana lilishafika kumi na tano, na mamba wawili wananingoja majini.

Watu wakimgeukia Deo, "Mzee, ni kweli?", anafuta miwani, anasema, "Nilikuwepo." Haongezi neno. Wanasema Wahaya ndio wenye kujisifu. Mimi Msukuma na yeye Mhaya tulibadilishana makabila.

Mwaka juzi aliniita. Akatundika shuka ukutani, akawasha projekta. Sinema haina sauti, mashine tu ndiyo inalia kama cherehani.

Nikaiona Busisi. Nikaliona lori, tani tatu labda. Nikaona wanawake saba wauza samaki wameweka mabeseni chini, wanasukuma, tope magotini. Na juu kabisa ya marobota ya pamba amekaa kijana, shati wazi, anakula kiazi.

Kijana huyo ni mimi.

Deo hakucheka. "Mwenye lori, niichome?"

Nikamwambia chai inapoa.

Akazima mashine. "Basi nikifa utaamua wewe."

Leo nimekuta mpwa wake ameyapanga makebe getini. "Shikamoo mjomba. Hivi vitu vinanuka siki nyumba nzima, vinaondoka na mkokoteni wa taka."

Marahaba, nikasema. Ni kweli, mkanda ukizeeka unanuka siki.

Sitawaficha, nilisimama pale muda mrefu. Mkokoteni ulishafika kona. Makebe yakienda, lori langu linabaki tani kumi na tano mpaka kiama, na hakuna wa kunibishia.

Ila wa mbele kwenye mkanda ule, aliyeweka bega kwenye bodi, ni Mama Kulwa. Aliuza samaki wa kukaanga pale kivukoni, akafariki mapacha wake hawajajua kusema. Hakuacha picha hata moja. Kulwa, mwenye duka la nafaka Mkuyuni, aliwahi kuniuliza mama yake alikuwa wa namna gani. Nikamjibu alikuwa mrefu kama nguzo ya simu.

Tangu mwaka juzi nilijua yumo kwenye kebe. Nikanyamaza kwa sababu ya kiazi.

Nikayakalia makebe.

"Mzee, inuka tubebe," akasema mwenye mkokoteni.

"Nibebe na mimi."

Akaenda zake.

Nikampigia Kulwa, akafunga duka akaja. Binti wa Deo akatoka ndani, akapitisha mkanda kwenye mashine kama baba yake alivyomfundisha.

Kulwa akatazama. "Mfupi," akasema. "Wewe ulisema mrefu."

"Niliona vibaya."

Mgongoni mwa mama yake kuna mtoto, mguu umetoka kwenye khanga unapiga hewa.

"Huyo mimi au Doto?"

"Wewe. Doto hakuwa na fujo."

Tukarudia mara nne. Ya tano ndipo akainua macho kwenye pamba. "Na huyo anayekula?"

"Mimi."

"Si ulilitoa lori peke yako, mzee?"

"Walilitoa wao."

Akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Halafu akaendelea kujifuta, na kucheka kumekwisha.

Klipu ni hiyo hapo chini, Kulwa kairekodi kwa simu yake. Naiweka mwenyewe. Chekeni mpaka mbavu ziume, sifuti.

Na wale mnaoandika humu kwamba picha za watu peku wa zamani zinatia aibu, zifichwe, njooni mniambie usoni. Na bosi aliyesema hakuna kiongozi humu, kama bado yu hai, amtazame tena yule mwanamke wa mbele.

Makebe yote kumi na moja yako chumbani kwangu. Nyumba inanuka siki, mke wangu amenuna, na hayatoki. Kama unadhani mama yako au bibi yako yumo, njoo tutazame.

Kiazi, hata hivyo, kilikuwa kikubwa. Kingelisha darasa zima. Hapo sirudi nyuma.

Deo, uliutunza uongo wangu miaka yote hii, hukuuongeza wala hukuupunguza. Ukatunza na ukweli wake chini ya kitanda. Zamu ya kutunza nimeipokea. Lala salama kwenye migomba yako, ndugu yangu, usiamke kwa ajili ya mkokoteni wowote.

Watu wakiniuliza kama kweli aliwahi kuishi mtu wa namna yako, nitafuta miwani yangu, niseme: nilikuwepo.