Jina la Baba kwa Herufi Kubwa

Miaka ile Waingereza walipotangaza Hali ya Hatari, mtu wa Meru hakwenda Embu bila kibali. Kibali kiliombwa kwa barua, na ilisemekana barua ya Kiingereza ndiyo iliyosomwa upesi. Baba alikuwa amefungwa Embu. Mtu aliyetoka huko alituambia kwamba anakohoa damu. Mama alitaka kumwona kabla hajafa. Hakulificha hilo, wala hakulisema mara mbili.

Mimi na mama tulitoka kwetu Kiirua mara kafyu ya usiku ilipoisha, tukafika Meru mjini saa nne. Mwandishi wa barua alikuwa mchinjaji Mwislamu aliyewahi kuwa karani jeshini. Upande mmoja wa duka aliuza nyama, upande wa pili aliweka meza na wino. Alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa karatasi, na wateja wa nyama wakangoja.

Nilikuwa msichana wa darasa la tano, na kanuni ya herufi kubwa ndiyo kwanza tulikuwa tumefundishwa. Nikasimama nyuma ya bega lake kumkagua. Mwanzo wa sentensi, kubwa. Embu, kubwa. Jumatatu, kubwa, mwezi pia. Alipofika kwenye neno la Kiingereza la "mimi", ambalo ni herufi moja tu, aliisimamisha wima kama nguzo ya boma.

"Huyo ni wewe, mama," akamwambia.

Mama akainama kutazama. "Mbona mrefu hivyo?"

"Mwingereza hajiandiki mdogo. Nawe ukimwandikia kwa lugha yake, hujiandiki mdogo."

"Na mume wangu?"

"Neno mume ni dogo. Jina lake ndilo kubwa. Anaitwa nani?"

Kwetu mke hakumtaja mumewe kwa jina. Alimwita baba wa fulani mpaka kaburini. Sikuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwake.

"Andika baba wa huyu," akasema, akinionyesha kwa kidevu.

"Jela ile ina baba wa huyu wangapi, mama?"

Mwanamke aliyengoja matumbo akacheka. "Sema tu, dada. Mama mkwe wako yuko kwake anamenya viazi."

Jina nililijua, lilifuata langu katika rejista ya shule. Nikafungua mdomo nimsaidie, mama akanishika mkono.

"Wewe nyamaza. Anayeomba ni mimi."

Akafunga kitambaa chake upya, akatazama ukuta, akalitaja. Alilitaja polepole, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetua chungu kilichojaa. Mchinjaji hakumwomba arudie. Alichovya kalamu akaandika herufi ya kwanza, pana na nyeusi, na nikamwona mama akiifuata kwa macho mpaka wino ulipokauka. Kanuni ile nilikuwa nimeikariri kwa kuogopa kiboko. Sasa sikuweza kumtazama mama usoni.

Kibali kilitoka baada ya wiki mbili, cha siku tatu. Mama alikwenda peke yake. Aliporudi nilimuuliza kama baba yu hai.

"Yu hai. Amekonda. Walimruhusu anywe uji wangu, akaumaliza."

Akachukua mtungi, akaenda mtoni kabla jua halijazama.