Mwihaki na Fomu ya Nyasi

Mimi hasira yangu iko karibu, na sijawahi kuificha. Mtu akiniambia kazi ya Mwihaki ni ya kukaa tu na kubonyeza kompyuta, namwambia aje akae chumbani kwetu wiki moja amwone akishika kichwa.

Tunagawana chumba hapa Kitengela, ghorofani, juu ya duka la simiti. Upande wa dirisha niko mimi, Wilkister, fundi wa nguo, na cherehani zangu. Upande wa ukuta yuko Mwihaki, msichana wa Kiserian, na kompyuta yake. Kazi yake alinieleza siku aliyohamia. Watu wakitafuta kitu kwa simu, Google inawapangia majibu, mengine juu, mengine huko chini ambako hakuna mtu anafika. Yeye anashughulikia kurasa za wenye biashara zipande juu, na mtu akishaingia asizunguke wala asichoke, apate kilichomleta.

"Ni kama duka tu, Mama Velma," aliniambia. "Kwanza watu waone mlango. Halafu wakiingia wasijikwae."

Nikamwambia basi hiyo ni kazi rahisi. Akacheka. Hakuwa amekutana na Mzee Gichuru bado.

Mzee Gichuru anaishi Kiserian lakini shamba lake la nyasi liko upande wa Isinya. Analima ile nyasi ya boma rhodes, anakata, anakausha, anafunga beli, anauza. Mwaka huo mvua ilikataa, ikakataa tena, na Kajiado nzima watu walikuwa wanatafuta nyasi kama dawa. Mzee akaamua oda zote zipitie kwa tovuti, kwa sababu simu zilikuwa zinamchosha, na kazi ya kuipandisha akampa Mwihaki. Namba yake akaiondoa kila mahali. Bila kujaza fomu, lori haliji kwako.

Sasa hiyo tovuti ungeiona. Aliyeitengeneza ni mpwa wake. Ukiifungua, kwanza unangoja. Halafu inaanza kuimba pambio yenyewe, bila kuombwa. Halafu anatokea mzee na suti, amejaa kioo chote cha simu, na nyuma yake inakuja video ya shamba iliyopigwa kutoka angani, inakula bando mpaka linaisha. Nyasi yenyewe iko huko chini, na hata haiitwi nyasi. Imeandikwa "Suluhisho la Malisho." Mwihaki akamwuliza, mzee, ni nani ameshawahi kuamka asubuhi akatafuta suluhisho la malisho? Mtu anaandika "nyasi ya ng'ombe Kitengela." Anaandika "boma rhodes bei gani." Mzee akasema hiyo ni lugha ya soko, na yeye si mtu wa soko. Sijui alidhani nyasi inauzwa wapi.

Walibishana hapo mbele yangu mpaka nikakosea mshono. Pambio ikatoka. Video ikatoka. Suti ilipunguzwa baada ya wiki nzima ya maneno, na mzee akachukulia hilo kama tusi. Fomu nayo ilikuwa inahoji watu kama polisi: kitambulisho, barua pepe, mpaka jina la chifu. Mwihaki akayafyeka maswali hayo yote. Swali moja tu mzee alikataa liguswe, lile la mwisho: "Una ng'ombe wangapi?" Usipolijibu, fomu haiendi. Alisema anataka kujua kila boma linakula kiasi gani ili apange malori. Mwihaki akaona hilo si la kupigania, ni namba tu, akaliacha.

Mimi kilichoniingiza kwa hayo maneno ni mteja wangu, Mama Soipan, jina lake Tabitha. Ni mjane wa Mashuuru. Anakuja Kitengela kuuza shanga, na mimi ndiye humshonea nguo za kanisa. Ng'ombe ndio walimsomeshea Soipan, ndio wanamlisha, na tangu mzee wake afariki ndio wanamfanya aheshimiwe kwenye mikutano ya wanaume. Siku hiyo alikaa kwa stuli yangu akasema kwake nyasi imeisha, na mabroka wanaiuza bei ya kumfanya mtu aone kizunguzungu. Kama hangepata nyingine karibuni, ng'ombe wangeanza kulala chini. Kila mtu huku anajua ng'ombe wa kiangazi akilala chini, kumwinua ni kazi ya Mungu.

"Usihangaike," nikamwambia, nikamwonyesha Mwihaki. "Mwenye mlango wa nyasi ya Gichuru ni huyu hapa."

Mwihaki akamfungulia ukurasa kwa simu yake mwenyewe mama. Mama Soipan akaandika jina. Akaandika mahali. Akaandika namba ya simu. Kisha akatulia, akaitazama ile simu, akaizima polepole akaitia mkobani.

"Netwaki imepotea," akasema. "Nitajaza nikifika nyumbani."

"Sawa, Mama. Nakuahidi nyasi utapata," Mwihaki akamwambia.

Hakujaza. Aliporudi mjini na shanga zake nikamwuliza, akasema ni ile netwaki tu. Mwihaki akaamini, na mbona asiamini? Mashuuru netwaki ni bahati nasibu. Akashika hiyo kazi kama mtu anayekamua nguo. Picha akazipunguza uzito, rangi akazitoa, mistari mirefu akaikata, mpaka ukurasa ukawa unafunguka hata kwa simu iliyopasuka kioo. Maneno akayaandika vile watu wanasema. Na kupanda ulipanda. Ulitoka huko shimoni ukafika ukurasa wa kwanza wa Google, ukapita mabroka, ukapita hata kampuni kubwa. Alikuwa ananiita, "Mama Velma, njoo uone, tumepanda tena," na mimi naacha suruali ya mtu naenda kuangalia.

Lakini oda, wapi. Kompyuta ilimwonyesha watu wanaingia kwa wingi, wanafika kwa fomu, wanatoka. Waliokuwa wanaituma ni wale wa Nairobi wenye mashamba ya wikendi, wanaokuja kuangalia ng'ombe wao Jumamosi na miwani ya jua. Wenyewe wa Kajiado, wenye shida, hakuna.

Akaenda Kiserian siku ya soko la mifugo, akawapa watu simu wajaribu mbele yake. Mmoja akasema betri inaisha. Mwingine akasema amesahau miwani. Wengine wote, netwaki. Hakuna aliyesema neno baya. Walimnunulia mpaka soda. Hiyo adabu ndiyo ilitumaliza, kwa sababu msichana alirudi akaupunguza ukurasa tena, na hapo haukuwa na kitu cha kupunguzwa. Alibadilisha mahali pa kubonyeza. Alibadilisha rangi yake, kijani, halafu buluu, halafu kijani tena. Mwezi ukaisha hivyo, mwingine ukaingia.

Nikamwambia twende Mashuuru tumwone Mama Soipan. Lori la Gichuru lilikuwa linapelekea tajiri mmoja wa Nairobi nyasi upande huo, tukapanda mbele na dereva. Njia nzima ni mizoga kando ya barabara, na sisi tumebeba nyasi nyuma.

"Supa," Mama Soipan akatusalimu, akatupa stuli na chai. Mwihaki akamwuliza kuhusu fomu. Akasema atapanda kilimani kesho, huko netwaki iko. Mwihaki akasema anaweza kumjazia yeye mwenyewe hapo hapo.

"Kunywa chai kwanza, mwanangu, inapoa."

Jioni ng'ombe wakarudi. Wamekonda, ndiyo, mbavu ungezisoma, lakini walikuwa wengi, wanaingia tu, wanaingia, mpaka vumbi likatufunika na bado kengele zinasikika huko nyuma. Mimi nikainua kidole nikaanza, mmoja, wawili. Mama Soipan akaushika mkono wangu akaushusha bila hasira. "Wilkister, hebu nisaidie na huu mtungi," akasema. Nikadhani ni kidole changu hakikuwa na heshima, nikabeba mtungi.

Tuliporudi, Mzee Gichuru akatujia chumbani, amevimba.

"Kila siku unaniambia tuko juu. Juu ya nini?" akamwambia Mwihaki. "Kuku akipanda juu ya paa ametaga? Nyasi yangu inaozea kwa stoo na watu wanalia hawana nyasi. Mwisho wa mwezi kazi inarudi kwa mpwa wangu."

Mwihaki ni mtu wa kunyamaza. Siku hiyo alichoka. Alifungua ule ukurasa kwa simu yake akamwekea mzee mkononi.

"Jaza wewe," akasema. "Wewe pia unafuga. Jifanye nyasi si yako, unaitafuta."

Mzee akavaa miwani kwa kiburi. Jina, akaandika. Kiserian, akaandika. Namba ya simu, akaandika. Halafu kidole gumba kikasimama hewani.

"Hii simu yako imekwama."

"Haijakwama, mzee."

"Basi ni netwaki."

Nikaacha cherehani. Mwihaki alikuwa anamwangalia, na niliona uso wake ukibadilika.

"Mzee," akasema polepole, "wale ng'ombe wa maziwa nyumbani, wako wangapi?"

"Wako."

"Wangapi?"

"Wanatosha." Akavua miwani. "Sasa hiyo ni maswali gani, msichana? Mama yangu alinichapa nikiwa mdogo kwa kuhesabu mbuzi zikiingia nyumbani. Mali ya mtu haihesabiwi hivyo. Unaiitia kifo."

Chini, wale wa simiti walikuwa wanapakua.

"Na wao umewauliza wahesabu," Mwihaki akasema. "Wakati ng'ombe wanakufa. Na ukasema ni lazima."

Nyani haoni kundule. Mzee aliangalia dirisha, akaangalia viatu vyake, akasema hilo swali ni mpwa wake aliliweka. Nilitaka kumrushia mkasi. Mwihaki naye akakaa chini akacheka kicheko kibaya, hakina furaha ndani. Akaniambia shosho, nyanya yake mwenyewe, akiulizwa ana watoto wangapi, alikuwa anajibu ni wa Mungu. Amelala kwa kitanda kimoja na huyo shosho utoto wake wote, na akakaa miezi anabadilisha rangi ya kijani.

Alilifuta lile swali hapo hapo. Akaandika mahali pake, "Unataka beli ngapi?" Nyasi haina uchungu, mtu anaihesabu bila wasiwasi. Akarudisha na namba ya simu ya mzee, juu kabisa, na mzee hakubisha. Sikuwa nimemaliza kola ya shati moja, oda za kwanza zikaingia. Bisil, Isinya, Bisil tena, Namanga. Kufikia Ijumaa malori yalikuwa hayatoshi na mzee alikuwa anaambia watu kanisani kwamba siri ya biashara ni kumwelewa mteja.

Mwihaki hakufurahi vile nilidhani. Kila oda ikiingia anaangalia jina kwanza. Nilijua anatafuta jina gani.

Likaja Jumatatu. Akanisomea kwa sauti: "Tabitha, Mashuuru." Nikamwambia aendelee.

"Beli tatu."

Mimi nilikuwa Mashuuru. Nililiona lile vumbi. Beli tatu zingeisha kabla nusu ya wale ng'ombe hawajapita mlangoni.

"Labda ni za kuanzia," nikasema.

Akapiga simu, akaiweka kwa spika.

"Mama Soipan, ni Mwihaki. Nimeona oda yako. Hizi beli ni za kuanzia?"

"Hapana, mwanangu," akasema. "Zinatosha."

Mwihaki akafungua mdomo. Nikamtikisia kichwa, asiulize wamebaki wangapi.

"Lori lisisumbuke kuja," mama akaendelea, sauti yake ya kawaida tu, ile ya kuniambia niongeze kitambaa kiunoni. "Ziwekwe kwa gari yoyote inayopita huku, hata juu. Ashe oleng, asante sana. Na hiyo fomu yenu siku hizi ni nzuri, nimejaza mara moja ikaenda."

Simu ikakatika. Mwihaki alibaki ameishika. Mimi nilitaka kulaumu mtu: mzee, mpwa wake, mvua, hata Mama Soipan na adabu yake. Neno moja tu angetuambia. Lakini pia sisi tungemwuliza nini, kama si lile lile?

Simu ikalia tena. Ni Mzee Gichuru, na spika bado iko wazi.

"Mwihaki, nimeangalia mwenyewe sasa hivi," akasema, na ungesikia anatabasamu. "Nimeandika nyasi ya ng'ombe Kajiado. Unajua Google wametuweka wapi?"

"Najua, mzee," akasema. "Sisi ndio wa kwanza."